Watoto wamezikariri sala, lakini imani inaishia kwenye lango la shule. Tuanzie wapi?

Mwalimu wa Dini (mwenye swali)

Tumsifu Yesu Kristo.

Ninafundisha katika shule ya msingi inayomilikiwa na Kanisa, na tangu mwaka huu wa masomo uanze nimekabidhiwa jukumu la kuratibu maisha ya imani ya shule nzima, yaani si vipindi vya dini peke yake, bali pia sala za asubuhi, Misa za shule, vyama vya kitume vya watoto, na maandalizi ya sakramenti tunayoyafanya kwa kushirikiana na parokia. Ukitazama kwa juu juu hakuna kinachopungua. Mtoto wa darasa la pili anasali Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe bila kukwama, wa darasa la nne anazitaja sakramenti saba kwa mpangilio wake, na alama za somo la dini huwa juu kuliko za masomo mengine mengi.

Hata hivyo, nikiwatazama kwa makini napata mashaka. Sala ya asubuhi inasaliwa mbiombio, maneno yakimezana, na "Amina" ikishatamkwa tu watoto wanaendelea kusukumana kutoka pale pale walipoachia. Wakati wa Misa ya shule wakubwa hujibanza viti vya nyuma, huku walimu wakisimama pembeni na kalamu mkononi kuandika majina ya wanaoongea. Jambo linalonikera kuliko yote ni desturi niliyoikuta: mwanafunzi aliyechelewa huamriwa kupiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria na kusali fumbo moja la Rozari kama adhabu, tena kwa sauti, ili wenzake wamsikie.

Isitoshe, jumuiya yetu si ya Wakatoliki watupu. Wapo watoto wa madhehebu mengine na wa dini nyingine, wapo walimu wasio Wakatoliki ambao ni wachapakazi na wenye upendo, na wapo wazazi Wakatoliki ambao hawajaingia kanisani tangu siku mtoto wao alipobatizwa, waliotuletea watoto kwa sababu ya nidhamu na ufaulu. Sipendi kumlazimisha mtu yeyote, na wala sipendi shule ijifiche isijulikane ni ya nani.

Naomba uzoefu wenu. Siulizi habari za sherehe za mtakatifu msimamizi wa shule wala maandamano, maana hizo tunaziweza. Ninauliza namna imani inavyolelewa siku za kawaida, katika jumuiya nzima, na pia kama mngeanza upya mngeanzia kwa watoto, kwa walimu au kwa wazazi.

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Milele na milele. Amina.

Mwalimu, kabla ya mambo mengine yote iondoe adhabu hiyo. Mtoto anayeadhibiwa kwa sala anafundishwa somo moja ambalo hatalisahau, kwamba kusali ni mzigo wanaotwishwa wakosaji, na hakuna kipindi cha dini kitakachoweza kulifuta somo hilo baadaye. Aliyechelewa afidie muda alioupoteza, au apewe kazi inayohusiana na kosa lake. Magoti yapigwe kwa hiari.

Kuhusu mahali pa kuanzia, mimi ningeanza na walimu, na sisemi hivyo kwa kubahatisha. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa) juu ya Elimu ya Kikristo, Gravissimum Educationis, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, linawakumbusha walimu kwamba shule Katoliki inawategemea wao karibu kabisa katika kufikia malengo yake. Miaka 10 baadaye Papa Paulo VI, katika Wosia wake wa Kitume Evangelii Nuntiandi, aliandika kwamba mtu wa siku hizi huwasikiliza mashahidi kwa utayari zaidi kuliko walimu, na kwamba akiwasikiliza walimu, ni kwa sababu wao pia ni mashahidi. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi nikiwa dirishani mwa ofisi, nikimtazama mwalimu anavyozungumza na mtoto aliyemwaga wino au aliyesahau daftari. Katika dakika ile mtoto anasoma mengi kuhusu Mungu wa mwalimu wake kuliko atakayoyasoma kwenye kitabu cha dini mwaka mzima. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyeishi maisha yake yote katikati ya watoto na vijana, alieleza mwaka 1877 kwamba mbinu yake ya malezi imesimama juu ya akili, dini na upendo, na mtaona kwamba dini haikuachwa peke yake: imewekwa katikati ya kumweleza mtoto sababu na kumwonyesha kwamba anapendwa.

Kwa vitendo, jambo lililotusaidia kuliko semina zote lilikuwa sala fupi ya walimu kabla ya kazi. Mmoja anaisoma Injili ya siku, kunakuwa na kimya kidogo, anatajwa mtoto au mwenzetu mwenye shida, tunasali Baba Yetu, kisha kila mtu anakwenda darasani. Matangazo yalipigwa marufuku wakati huo, kwa maana matangazo yakiingia mlangoni sala hutokea dirishani. Hatukuandikisha mahudhurio. Walimu wasio Wakatoliki waliambiwa kwamba wanakaribishwa na kwamba asiyekuja hataulizwa, na baada ya muda msomaji wetu bora wa Neno la Mungu, ambaye watoto walinyamaza kabisa aliposimama, alikuwa mwalimu Mlutheri.

Tena tofautisha somo la dini na katekesi, maana mashaka yako mengi yanatokana na kuvichanganya vitu hivi viwili. Hati ya Idara ya Elimu Katoliki ya mwaka 1988, inayohusu sura ya kidini ya elimu katika shule Katoliki, inasema kwamba vina uhusiano wa karibu na vilevile tofauti iliyo wazi. Somo la dini linatoa maarifa: Ukristo ni nini, Maandiko yanasema nini, Kanisa linaadhimisha nini. Mtoto wa imani yoyote anaweza kulisoma na kulifanyia mtihani kwa uaminifu bila kujifanya anaamini asichokiamini. Katekesi inamtaka mtu aliyekwisha kuipokea imani, au anayeitafuta, naye hukua ndani ya jumuiya ya waamini, yaani parokia na familia. Ukishaligawa jambo hivyo, hutashangaa tena kumwona mwenye alama 90 akisinzia kwenye Misa, kwa sababu mtihani haukuwahi kupima kile unachokitafuta.

Mzazi wa Wawili

Nawashukuru walimu wote wawili, lakini naomba kutofautiana nao kwa heshima katika mambo mawili.

La kwanza ni hili la kuanzia kwa walimu. Gravissimum Educationis hiyo hiyo inasema kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na Sheria za Kanisa zinarudia fundisho hilo. Mbona basi sisi wazazi tunaitwa shuleni kwa ajili ya ada, matokeo na utovu wa nidhamu peke yake? Sijawahi kuitwa ili nielezwe mwanangu anafundishwa kusali namna gani, wala kuulizwa nyumbani kwetu tunasali vipi. Mkituweka wa mwisho kwenye orodha, msishangae imani ikiishia langoni, kwa sababu upande wa pili wa lango hakuna mtu aliyeandaliwa kuipokea.

Ninaelewa kwamba wengi wetu tumelegea. Hata hivyo mzazi aliyelegea hafufuliwi kwa kutumiwa fomu ya kusainiwa na paroko kuthibitisha kwamba alihudhuria Misa ya Dominika, yaani Jumapili. Ataileta imesainiwa, na atachukia. Afadhali mtoto aje nyumbani Ijumaa na karatasi yenye Injili ya Dominika inayofuata pamoja na swali moja ambalo mtoto ndiye atamuuliza mzazi, kwa mfano: "Ni nani aliyekufundisha kusali?" Swali la namna hiyo halimwaibishi mtu. Mume wangu si Mkatoliki, na aliulizwa swali linalofanana na hilo na binti yetu wakati wa chakula cha jioni. Alisimulia habari za bibi yake kwa kirefu, mambo ambayo hata mimi sikuwa nimeyasikia.

La pili ni kukariri. Mwalimu aliyeuliza ameandika kana kwamba sala zilizokaririwa ni ganda tupu. Mtoto anayeamka usiku na hofu hawezi kutunga sala. Ataishika ile iliyomo kichwani. Papa Yohane Paulo II katika Catechesi Tradendae ya mwaka 1979 aliitetea kumbukumbu, akaeleza kwamba imani na uchaji havichanui katika jangwa la katekesi isiyotumia kumbukumbu. Tatizo lenu ni ile mbio ya asubuhi. Punguzeni idadi ya sala ili zile zitakazobaki zisaliwe taratibu, lakini msiache kuwakaririsha.

Mwalimu wa Dini (mwenye swali)

Mama, nimekubali kuhusu kukariri, na hoja yako juu ya wazazi nimeinakili ili niipeleke kwenye kikao kama ilivyo. Pendekezo la kuifuta adhabu ya Rozari limeshaingizwa kwenye ajenda, ingawa naona kutakuwa na upinzani kutoka kwa wanaoamini kwamba "inawafundisha uchaji".

Naomba sasa wenye uzoefu wa liturujia, yaani ibada rasmi za Kanisa, wanisaidie kuhusu Misa ya shule. Tunaadhimisha kila wiki, shule nzima kwa pamoja, masomo yote yakisomwa na mahubiri yakiwa yale yale ya watu wazima. Je, inaruhusiwa kurekebisha, au nitakuwa nachezea liturujia ya Kanisa?

Katekista

Inaruhusiwa, tena kwa maandishi, na nasikitika kwamba waraka wenyewe haufahamiki sana. Idara ya Ibada ilitoa Mwongozo wa Misa pamoja na Watoto tarehe 1 Novemba 1973, na mwaka uliofuata zikatolewa Sala tatu za Ekaristi kwa ajili ya Misa hizo. Umetungwa hasa kwa watoto ambao bado hawajaingia kipindi cha kukaribia kubalehe, kwa hiyo shule ya msingi ndiyo mahali pake. Muulize paroko wako kama anao, kisha muusome pamoja.

Yapo mambo utakayoyafurahia. Masomo yakiwa mazito kwa watoto unaweza kusoma mawili au hata moja, ila Injili haiachwi kamwe. Panapotakiwa Kanuni ya Imani, inaweza kutumika ile ya Mitume, ambayo watoto wanaijua. Kwa idhini ya paroko au padre msimamizi wa kanisa hilo, mtu mzima mmojawapo anaweza kuzungumza na watoto baada ya Injili, hasa padre anapoona vigumu kujishusha hadi kwenye uelewa wao. Idadi ya watoto ikiwa kubwa kiasi cha kuzuia usikivu, Mwongozo unashauri wagawanywe katika makundi, na si lazima kwa umri peke yake bali kwa kuangalia walipofikia katika malezi ya imani, kila kundi likaalikwa Misa siku yake. Unasema pia kwamba Misa za siku za juma zina faida zaidi, na haziwachoshi watoto, zisipokuwa za kila siku, na kwamba wakati mwingine ni bora kuwa na sala ya pamoja au ibada ya Neno la Mungu. Kwa maoni yangu, Misa ya shule nzima kila wiki ni nyingi mno kwa shule isiyokuwa na nafasi ya kuiandaa. Ningeifanya mara chache zaidi na kuiandaa vizuri.

Onyo moja lakini. Mwongozo huo huo unasema wazi kwamba matendo ya nje hayatazaa matunda, na yanaweza hata kudhuru, yasipomsaidia mtoto kushiriki kwa ndani. Wapo waliousoma nusu nusu, wakageuza Misa ya watoto kuwa tamasha lenye ngoma, mabango na maigizo, mpaka ukimuuliza mtoto amesali nini anakueleza alivaa nini. Kimya kinatajwa katika Mwongozo kama sehemu ya adhimisho, kwa kuwa watoto nao wanaweza kutafakari kwa namna yao wakiongozwa vizuri. Baada ya Komunyo waacheni wakae. Kwaya ipumzike.

Mahali ambapo kazi yako itaonekana ni kwenye maandalizi ya wasomaji na ya maombi ya waamini. Msomaji asipewe kitabu asubuhi ya Misa. Siku moja kabla mpandishe kwenye mimbari, wewe ukakae benchi la mwisho kabisa, asome mpaka umsikie vizuri. Kosa ambalo watoto karibu wote hulifanya ni kuunganisha mstari wa mwisho wa somo na "Neno la Bwana" kana kwamba ni sentensi moja. Mfundishe kumaliza somo, kuvuta pumzi, kuwatazama wenzake, ndipo atamke. Hilo dogo peke yake linabadilisha usikivu wa kanisa zima. Kuhusu maombi, acha kuwaandikia. Mtoto aliyeandikiwa na mwalimu "tuwaombee viongozi wa mataifa yote" anasoma kama anasoma tangazo la mtihani. Waulize wenyewe, na utapata maombi kama hili nililolisikia kwa masikio yangu: "Tumwombee mlinzi wetu mguu wake upone, ili aache kuketi peke yake getini wakati sisi tunacheza." Siku hiyo kiitikio kilisikika hadi nje.

Na walimu waweke kalamu chini. Wakae katikati ya watoto, waimbe, wapige magoti panapopigwa magoti. Wakubwa watakaa nyuma daima ikiwa watu wazima wamejipanga ukutani.

Tena mkumbuke kwamba Misa ya shule haichukui nafasi ya Dominika. Lengo la Mwongozo ni kumwongoza mtoto afikie kushiriki vema Misa pamoja na watu wazima.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Mimi sina hati ya kunukuu, ninayo kona ya sala tu. Katika darasa langu kuna meza ndogo yenye kitambaa, Biblia iliyofunguliwa, msalaba na mshumaa. Rangi ya kitambaa inafuata mwaka wa liturujia: zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, nyeupe wakati wa Noeli na Pasaka, kijani wakati wa kawaida, na watoto ndio wanaobadilisha. Ukichelewa kukibadilisha watakukumbusha, na kwa njia hiyo mtoto wa miaka sita anaijua kalenda ya Kanisa bila kuandika daftarini.

Sala yetu ni fupi sana. Ninawasha mshumaa, tunafanya ishara ya msalaba polepole, mkono ukifika kwenye paji la uso, kifuani, na kwenye mabega yote mawili, kwa sababu wengi huja wakiwa wamezoea kuifanya kama mtu anayefukuza nzi. Kisha kimya. Mwanzoni hawawezi kunyamaza hata kidogo, na mwalimu mgeni hukata tamaa hapo. Mimi sipigi meza wala sipandishi sauti. Ninafumba macho na kusubiri, na taratibu wanajifunza kusubiri pamoja nami. Anayetaka kusema neno kwa Mungu anasema, asiyetaka anakaa tu. Mtoto asiye Mkatoliki hukaa nasi kwa utulivu, na halazimishwi kufanya ishara wala kutamka neno.

Walimu wa madarasa ya juu wanasema mambo haya ni ya watoto wadogo. Sikubaliani nao, ingawa kweli kwa wakubwa mshumaa hautoshi. Wanataka kazi. Huko ndiko Shirika la Kipapa la Utoto Mtakatifu linakosaidia, kwa kuwa tangu Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alipolianzisha mwaka 1843, mpango wake umekuwa rahisi: watoto wawasaidie watoto wenzao, kwa Salamu Maria moja kila siku na sadaka ndogo kila mwezi. Sadaka iwe ya mtoto mwenyewe, kutoka katika kile alichojinyima. Ikiwa mzazi ndiye anayetoa, chama kimegeuka kuwa mchango mwingine wa shule.

Padre Mlezi wa Shule

Nimesoma mjadala wote na nitajibu yale yanayonihusu zaidi, yaani sakramenti na watoto wasio Wakatoliki.

Komunyo ya Kwanza isiwe jambo la darasa zima kwa sababu tu ni darasa fulani. Mwaka 1910 Mtakatifu Pius X, kwa hati Quam Singulari, alikomesha mazoea ya kuwacheleweshea watoto Ekaristi hadi miaka 12 au hata 14, akaelekeza kwamba umri unaotakiwa ni ule mtoto anapoanza kutumia akili, yaani karibu miaka 7. Sheria ya Kanisa ya leo, katika kanuni ya 913 na 914, inadai ufahamu wa kutosha na maandalizi ya makini, mtoto aweze kulielewa fumbo la Kristo kadiri ya uwezo wake na kuupokea Mwili wa Bwana kwa imani na ibada, na inaweka wajibu wa kumwandaa kwa wazazi au wanaoshika nafasi yao, pamoja na paroko. Shule haijatajwa kwanza. Mwalimu anatusaidia sana, lakini akifanya kila kitu yeye, tunapata mtoto aliyeandaliwa na shule, akapokea kanisani, na wazazi wakaja kupiga picha. Kwa hiyo nimeomba vikao vya wazazi viwe sehemu ya maandalizi, vichache na vifupi, na ndani yake siwafundishi wazazi katekisimu bali ninawaonyesha namna ya kusali na mtoto wao jioni.

Kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi, kinatangulia Komunyo ya Kwanza, kisha mara nyingi kinasahauliwa. Mtoto wa darasa la juu ambaye hajaungama tangu siku ile anaona aibu kusema hajui tena namna ya kuanza. Wawekeeni kikaratasi chenye hatua za ungamo na Sala ya Kutubu, ili asiyekumbuka asome. Mahali pa maungamo pawe wazi kwa macho ya wote na mbali na masikio ya wote, foleni iwe mbali kiasi kwamba hakuna anayesikia, na asiwepo mwalimu wa kuwapeleka kwa orodha. Mimi huwaambia kwamba wanaweza kuja kupewa baraka tu wakarudi, kwa hiyo hakuna anayejua nani ameungama na nani hakuungama. Hilo linalinda uhuru wa dhamiri, na ungamo la kulazimishwa halina maana.

Kwa wasio Wakatoliki, kanuni ya 748 inasema wazi kwamba hairuhusiwi kamwe kumlazimisha mtu kuipokea imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake, na Mtaguso ulikwisha kulifundisha jambo hilo katika Tamko juu ya Uhuru wa Dini tarehe 7 Desemba 1965. Wazazi waelezwe kwa maandishi siku ya kuandikisha mtoto kwamba shule hii inasali, inaadhimisha Misa na inafundisha dini Katoliki, na waulizwe wanapenda mtoto wao ahudhurie nini. Anayebaki nje ya Misa asiachwe uwanjani kama aliyefukuzwa; awe na mwalimu na kitabu cha kusoma. Mtoto akikuambia anataka kubatizwa, usimkatalie na wala usimwahidi kitu. Mlete kwangu pamoja na mzazi wake, tuzungumze bila haraka.

Kuhusu wanaodai kwamba adhabu ya Rozari inafundisha uchaji, nialike kwenye kikao hicho. Nitakuwa na swali moja tu kwao: wao wenyewe wakichelewa kazini, huwa wanasali fumbo gani?

Mwalimu wa Dini (mwenye swali)

Padre, tarehe ya kikao nitakutumia. Nimeamua kuanza na mambo mawili muhula huu, sala ya walimu kabla ya kazi na ile karatasi ya Ijumaa yenye Injili na swali, na Misa ya kila wiki nitaomba tuigawe kwa makundi kama Katekista alivyoeleza. Vikao vya wazazi vitasubiri muhula ujao, kwa kuwa sitaki kuwaita kabla sijajua nitawaambia nini.

Mama mwenye watoto wawili, kama unayo mifano zaidi ya maswali ambayo mtoto anaweza kumuuliza mzazi bila kumwaibisha, naomba uyaandike hapa. Ijumaa ya kwanza iko karibu, na mpaka sasa ninalo lile moja uliloniachia.